Sumaia na Sufuri za Quionga

Sumaia wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Alipokuwa mdogo, mama yake alimfunga mkono wa kushoto kwa upande wa kanga mpaka akazoea kula kwa wa kulia. Kula alikubali, kuandika akakataa katakata. Akamaliza darasa la kumi akiandika kwa kushoto, akazaa watoto watatu, akauza vitumbua sokoni, na mwandiko wake ukabaki mzuri kuliko wa walimu waliomchapa.

Mwaka ule gesi ilikuwa imeshagunduliwa baharini, na Palma ilijaa wageni wenye makabrasha. Kila mmoja alitaka kujua watu wanaishi vipi kabla mambo hayajabadilika. Mradi mmoja wa afya ya watoto ulitaka kupima jinsi walezi wanavyoshughulika na watoto wadogo wakati wa kula: mara ngapi mlezi anamsemesha mtoto, anamsifu, anambembeleza au anamlazimisha. Sumaia akapata kazi. Masharti hayakuwa mengi: kaa kando, usiseme, usile, weka alama.

Wiki ya kwanza alipita nyumba ishirini na sita za kijiji cha Quionga. Zote kimya. Akina mama walilisha watoto wameinamisha macho, tonge baada ya tonge, kama watu waliofiwa. Watoto wengine walifumba midomo kabisa. Fomu zikarudi na sufuri tupu, na msimamizi wake, Josefina, mwanamke wa Mueda, huko bara, aliyesomea Pemba ya Msumbiji, akafurahi kuziona zinalingana.

"Walezi wa huku hawaongei na watoto," akasema. "Ndivyo tutakavyoandika kwenye ripoti."

Damu ilimchemka Sumaia. Nusu ya akina mama wale walikuwa jamaa zake, na ripoti ikishaandikwa hivyo, nani ataifuta?

"Chefe," akamwita kwa Kireno, kama kusema bosi, "hiyo si kweli. Mimi ndiye niliyewanyamazisha. Mtu anakaa mlangoni, anakodolea macho chakula cha mtoto, hali, hasemi, anaandika tu. Nani huku atamwamini? Wanaogopa jicho baya. Niache nile nao."

"Kanuni ni kanuni, Sumaia. Ukila, fomu zako nazitupa, na kazi huna."

"Basi njoo uone mwenyewe. Ukiona nimekosea, nitupe na mimi pamoja nazo."

Kesho yake mchana walifika kwa bibi Mwanaasha, aliyekuwa akimlisha mjukuu wake Rizuane, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Bibi akawakaribisha chakula. Josefina akashukuru, akasema ameshiba, akakaa kando na saa yake mkononi. Zikapita dakika tano. Bibi hakutoa hata neno. Rizuane akageuzia uso ukutani. Josefina akaandika sufuri.

Hapo Sumaia akaomba maji, akanawa, akasema bismillahi, akatia mkono wa kulia kwenye sinia. Fomu aliilaza pajani, kalamu ikiwa mkono wa kushoto.

"Mchuzi umekolea, bibi."

"Kula, mwanangu." Bibi akashusha pumzi, akamgeukia mjukuu. "Haya, na wewe bwana mkubwa, huoni shangazi anatumalizia? Fungua. Eee, mwanaume huyo! Na hili la nani? La baba. Hulitaki? Ngoja nikupozee, lina moto."

Rizuane akacheka mdomo umejaa, akadaka tonge jingine kwa mkono wake mwenyewe. Kalamu ya Sumaia ilikimbia. Nafasi za alama zikajaa, akahamia pembeni mwa karatasi, kisha akaigeuza nyuma.

Josefina akaitazama karatasi ile, akaitazama na ya kwake. Nyumba ile ile, mtoto yule yule, sinia lile lile. Aliona aibu, wala hakuificha. Akatia saa mkobani.

"Bibi, naomba na mimi maji ya kunawa."

"Ah, mwanangu! Mbona ulinitisha? Nilidhani umekuja kutuhesabia matonge."

Josefina akajisogeza kwenye mkeka, akamega ugali, akachovya. Alipomeza akamwambia Sumaia, "Zile nyumba ishirini na sita tunazirudia zote. Na kesho usinywe hata chai. Tunakwenda na njaa."