Tamthilia ya Kantri na Kanda ya Baba

Sisi tuliokulia bonde la Kilombero enzi za redio ya betri tunajuana hata bila kutambulishana. Mmoja akisema kwamba kwao betri zikichoka zilianikwa juani, mwingine anadakia kwamba kwao zilitafunwa kidogo kwa meno kwanza, ndipo zikaanikwa, na hapo udugu umeshaanza. Kwetu Idete zilianikwa kwenye ungo mmoja na kambale. Baba alikuwa akizigeuza mwenyewe asubuhi na mchana, maana kambale wakiliwa na paka aliweza kusamehe, betri hapana. Redio kaseti yenyewe ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama. Mtoto kuigusa? Thubutu! Uliitazama tu kwa mbali, tena ukiwa umeshaoga.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya tamthilia. Mtakuwa mmeiona, hii mpya ya kijana anayeimba kantri, mwenye kofia pana na gitaa, aliyemwacha mama yake kijijini akaenda kutafuta jina. Hapa kwangu Ifakara tunaiangalia kila Jumamosi alasiri, na sebule inajaa kuliko siku ya sala za jumuiya.

Maoni sasa, jamani. Binti yangu Neema na wenzake wanaangalia kwa jicho moja, jingine liko kwenye simu. Kijana wa watu hajamaliza ubeti wa kwanza, wao wameshatumiana vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Wanasema anaimba polepole mno, mbona hachezi, wachezaji wake wako wapi. Nikiwaambia wimbo ule ni hadithi, wasubiri ufike mwisho, wananiomba niwape huo mwisho kwa kifupi. Mama Saidi, jirani yangu mwenye duka, anaangalia akiwa amesimama mlangoni ili alione na duka lake. Yeye hukumu yake aliitoa siku ya kwanza: huyu mtoto haimbi, analalamika, kama amemkumbuka mama yake si apande gari akamwone. Wengine wanauliza kantri inatuhusu nini sisi, muziki wa Wazungu wachunga ng'ombe. Hapo huwa nacheka peke yangu. Wanadhani bonde hili lilianza kusikia gitaa walipozaliwa wao.

Lakini mtazamaji aliyenikosesha raha ni Mama yangu mzazi. Amevuka themanini, anaishi nami, macho yamepungua, hivyo tamthilia anaisikiliza zaidi ya kuiona. Jumamosi ya tatu, yule kijana alipoimba bila gitaa, Mama alianza kulia. Akasema sauti ile ni ya baba yenu, haijakosea hata kidogo. Kisha akarudia maneno ninayoyasikia tangu utoto: kwamba angekuwa nayo ile kanda ya marehemu asingelilia sauti ya mtoto wa watu, ila Lukas aliiiba. Mimi nikainuka nikaenda jikoni kutazama sufuria ambayo haikuwa na shida yoyote. Lukas, mdogo wake Baba, hakuiba kitu. Kanda ile niliimaliza mimi.

Nianze na Baba. Kantri aliipata kwa fundi mmoja Mzungu wa pampu za maji, aliyekaa kijijini kwetu miaka miwili akamfanya Baba msaidizi wake. Alipoondoka alimwachia gitaa lililobaki na nyuzi tano, ile redio kaseti, na kanda tatu zenye picha za watu wenye kofia kwenye majalada. Kiingereza cha Baba kilikuwa hakimtoshi hata kuomba maji ya kunywa, lakini zile nyimbo alidai anazielewa zote. Alisema ni nyimbo za wakulima: mvua imegoma, treni imeondoka, mke amenuna. Akazitia maneno yake mwenyewe, ya Kiswahili na ya Kindamba. Akaimba jinsi mto ulivyofurika ukachukua mbuzi wa jirani, akaimba jinsi Mama alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Jumapili baada ya misa watu walikuja na vigoda vyao. Walisikiliza wimbo mpaka mwisho wameinamisha vichwa, na hakuna aliyeuliza wachezaji wako wapi.

Baba mdogo Lukas ndiye aliyepata wazo la kumrekodi. Alikuwa akiishi Chita. Siku moja alikuja na kanda tupu aliyoinunua mjini, wakajifungia ndani yeye, Baba na Mama, sisi watoto tukatolewa nje tusije tukakohoa. Tulibana masikio ukutani. Baba aliimba upande mzima. Katikati kuku akataga na kutangaza, Mama akasikika akimfukuza, Baba akacheka kidogo kisha akaendelea na wimbo. Kanda yenyewe hatukuonyeshwa. Tangu siku ile tuliisikia ikipigwa mara nyingi, lakini aliyeitia redioni na kuitoa ni Baba, na baadaye Mama. Mtoto wa enzi zetu hakujua vitu vya wakubwa vinafananaje, alijua tu kwamba visiguswe.

Mwaka uliofuata homa ilimchukua Baba kwa siku nne tu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Matanga yalipokwisha, Baba mdogo Lukas alimwomba Mama ile kanda akaitolee nakala mjini, kila ndugu apate yake. Mama akakataa, akasema haitoki ndani ya nyumba ile. Hawakugombana, lakini kila aliyekuwepo alisikia.

Ikaja masika, na mpunga ukaanza kutoa masuke. Wenzangu mnajua maisha ya dungu: familia nzima inahama kijijini inakwenda kuishi shambani, kwenye kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, mpaka mavuno yaishe. Raha zake zilikuwepo. Ule mpunga mchanga tuliukaanga tukautwanga, tukala pepeta ya moto mpaka taya zikachoka. Wa leo ukiwapa pepeta wanauliza sukari iko wapi na maziwa yako wapi. Lakini kazi yetu watoto ilikuwa ndege, na ndege wa mpunga hawana Jumapili. Tangu alfajiri ni kupiga debe, kurusha udongo kwa kombeo na kupaza sauti mpaka inakauka. Mwaka ule Mama alikuwa mjane, hana msaidizi. Kila jioni aliyakamua masuke kwa vidole, akikuta matupu ananyamaza, na ule unyamavu wake ulinitisha kuliko matusi.

Shamba la jirani lilikuwa na utulivu. Wao walikuwa wamevuta utepe wa kanda mbovu za redio, wakaufunga kutoka mti mmoja hadi mwingine kukatiza shamba lote. Upepo ukipita unavuma na kumetameta, ndege wanageuza njia. Na wakigeuza, wanakuja kwetu.

Siku moja Mama alinituma kijijini nikachukue chumvi nyumbani. Nikiwa nawaza ule utepe wa jirani, nilifungua kabati ambalo sikuwahi kulifungua maishani mwangu. Nikakuta kanda nne. Tatu zina majalada yenye picha za wale watu wa kofia. Ya nne haina jalada, haina picha, haina hata mwandiko. Nikajiambia zenye picha ndizo za thamani, nikizigusa nimekwisha, hii nyingine ni tupu, imewekwa tu. Nikaichukua. Niliivunja kwa jiwe nikauvuta utepe wote, nikarudi shambani nikaufunga kama nilivyowaona majirani.

Mama alirudi kutoka mtoni, akasimama katikati ya shamba akisikiliza ule mvumo. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Alidhani nimepewa na majirani, na mimi sikumsahihisha. Akaniambia nina akili kama baba yangu. Nilivimba kichwa siku nzima. Mwaka ule tulivuna kuliko jirani, na Mama alikata mpunga wiki nzima huku sauti ya mumewe inavuma juu ya kichwa chake, asijue. Baba mdogo Lukas alikuja kutusaidia kusomba magunia, akalala kijijini kwenye nyumba yetu siku mbili. Alipoondoka tulichoma mabua, na utepe ukaungua humo humo.

Mkesha wa Krismasi, mchana, Mama alipata betri mpya, za kwanza tangu mavuno, akataka kumsikia Baba. Akatia kanda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoa vitu vyote kabatini. Nilikuwa nimeshika ufagio, na nilipoelewa nilichokifanya nikaanza kufagia pale pale nilipokwisha kufagia. Mama alikaa chini akasema jina moja tu, Lukas. Maana alishawahi kuiomba, na alilala nyumbani tukiwa shambani. Nani mwingine?

Wenzangu tunapenda kujisifu jinsi tulivyolelewa. Mtoto hachangii mazungumzo ya wakubwa, mtoto haongei mpaka aulizwe, fimbo iko darini inasubiri. Na mimi sikuulizwa. Baba mdogo aliapa kwa kaburi la kaka yake, Mama akamwambia asimkanyagie tena kwenye uwanja wake. Alikuja mara moja tu baada ya hapo, na mfuko wa samaki wa kukaushwa kutoka Mofu. Mama aliingia ndani akanituma nikamwambie hayupo. Nikaenda, mimi mwenyewe, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia Mama hayupo. Moshi wa jiko alikuwa akiuona. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Akirudi msalimie." Aliuweka mfuko chini akaondoka. Wale samaki Mama aliwagawa kwa majirani.

Nilisema nitamwambia nikikua kidogo. Nikakua. Nikasema nikiolewa, nikaolewa. Kila mwaka jambo lile lilizidi kuwa zito, nami nilizidi kupata visingizio. Miaka mitatu iliyopita Baba mdogo Lukas alifariki huko Chita. Taarifa ilipofika, Mama alisema mwizi wake amekwenda na sauti ya mumewe, yeye hatakwenda kumzika. Nilikwenda peke yangu. Mjane wake aliniuliza Mama yuko wapi, nikasema miguu inamsumbua. Mnajua huku kwetu kutomzika shemeji yako ni jambo gani. Watu waliinama wakaangalia chini, na hata hapo sikusema.

Sasa Jumamosi iliyopita, kijana wa kwenye tamthilia akiwa katikati ya wimbo, Mama akamwita Neema. Akamwambia amtafutie simu ya watoto wa Lukas wa Chita, wairudishe kanda ya babu, maana mwizi amekufa lakini kanda haijafa, na wao wanajua baba yao aliificha wapi. Neema alifurahi kweli. Alisema wakiipata ataiingiza kwenye simu, Bibi awe anaisikiliza kila siku. Namba ya mtoto mkubwa wa Lukas alikuwa nayo tayari, kidole kiko juu ya kitufe. Nikaona wizi ambao haukuwahi kutokea unakwenda kurithishwa kwa watoto wasio na habari.

"Neema, usipige," nikasema. "Mama, Baba mdogo hakuichukua. Mimi ndiye niliyeifunga shambani kufukuzia ndege."

Mama alimwambia Neema azime televisheni. Mama Saidi alikuwa mlangoni, akaona afadhali arudi dukani. Mama akaniuliza kama ni ule utepe aliousifia, nikamwambia ndiyo, ule ule. Aliuliza ulikwenda wapi. Nikamwambia uliungua na mabua. Aliweka mikono mapajani, na mimi nilitamani anitukane.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

Nikaanza kupumua. Nilipiga magoti nikataka kumshika miguu. Akanizuia kwa mkono.

"Lukas alipokufa ulikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa, Mama."

Akageukia upande wa Neema. Amesema Jumatatu apelekwe Chita akamwone mjane na kaburi, na amekwisha kumwambia Neema amnyooshee kitenge cha msiba. Nilimwambia nitampeleka. Akasema Neema anatosha.

Nimekaa nawacheka hawa watoto miaka yote, kwamba hawana subira ya wimbo, kwamba midomo yao haina mlango. Lakini Neema alipokuwa na miaka kumi na mmoja aliiangusha televisheni yetu ya kwanza ikapasuka, na kabla sijafika mlangoni alishanikimbilia akilia, akisema, Mama, ni mimi. Nilishangaa mpaka nikashindwa kumchapa. Enzi zetu tulikuwa na heshima, tulikuwa na pepeta ya moto na nyimbo zenye mwisho, na navikumbuka vyote kwa uchungu. Lakini ningevitoa vyote, hata pepeta, ili ule mchana wa mkesha wa Krismasi, nilipokuwa nimeshika ufagio, niwe na mdomo wa Neema.