Mpira wa Hospitali

Nilivunjika mkono Mikinduri, katika harusi ya mwalimu mwenzangu, na hadi leo nikiulizwa husema tu kwamba nilianguka. Ukweli ni kwamba wapishi walikuwa wamemwaga maji ya kuoshea sufuria kwenye mteremko nyuma ya hema, nami nilikuwa nikielekea chooni na viatu vya soli laini. Niliteleza nikaukalia mkono wa kulia. Niliposimama, kifundo kilikuwa kimepinda kwenda upande ambao vifundo havipindi. Wazee wawili wa upande wa bibi harusi walikuja kunipa pole, na kwa kuwa ni watu wa adabu, wakaninyooshea mikono tusalimiane. Niliwapa wa kushoto. Mmoja aliupokea. Wa pili aliurudisha wake mfukoni, akanitazama mpaka nilipouinua ule wa kulia akajionea mwenyewe. Ndipo aliposema pole.

Nilikaa na plasta wiki sita. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule moja karibu na Kinoru, na wiki hizo sita niliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wanafunzi walinakili kila kitu kwa uaminifu. Nilipokusanya madaftari niliona kwamba nusu ya darasa walikuwa wamejifunza methali ambazo hazipo katika lugha yoyote.

Plasta ilipokatwa, mkono uliotoka ndani ulikuwa mwembamba, mweupe kwa magamba, na haukujua kazi. Nilijaribu kukunja ngumi, vidole vikafika nusu ya safari vikasimama. Mtaalamu wa viungo pale hospitalini alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniambia nishike kidole chake nikiminye kwa nguvu zangu zote. Nikaminya. Akasubiri kidogo, kisha akaniuliza kama nimeanza.

Alivuta droo akanipa mpira wa kuminya, wa manjano, laini kama chapati ya moto. Ulikuwa umechorwa uso unaocheka, na ukiuminya macho yake yalitokeza nje. Aliniagiza niuminye polepole, nihesabu hadi tano, niachilie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Akaniambia pia kwamba watu wengine huuminya kwa sababu ya mawazo, hata mkono ukiwa mzima. Nikamwambia mimi sina mawazo. Akaandika kitu kwenye kadi yangu.

Niliupeleka shuleni kwa sababu zoezi la mchana lilinikuta huko. Zilikuwa zimebaki wiki mbili muhula ufungwe, wakati ambao walimu husahihisha mitihani na hawaongei vizuri. Siku ya kwanza walinicheka. Siku ya pili mwalimu wa hesabu aliuomba kwa dakika moja, akaurudisha baada ya masomo mawili ukiwa na wino mwekundu kwenye paji la uso. Siku ya nne naibu wa mkuu wa shule aliuchukua kwenye mkutano wa walimu, akauminya muda wote alipokuwa akitusomea matokeo ya darasa la mwisho, kisha akaondoka nao. Aliurudisha baada ya siku mbili. Aliniambia kwamba kitu hicho hakisaidii chochote, na akaniuliza kinauzwa wapi.

Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili nilikwenda Kianjai kwa mama. Mke wangu anafanya kazi ya ofisi Embu na hurudi mwisho wa wiki, na mtu wa mkono mmoja hawezi kumenya viazi. Hiyo ndiyo sababu niliyotoa. Mama alikuwa na miaka sabini na kitu. Baba alikuwa ameshatangulia siku nyingi, na pale nyumbani alikuwa amebaki yeye, shamba la mahindi na maharagwe, na ng'ombe mmoja wa gredi, wale wa kisasa wa maziwa mengi, mwenye hasira, ambaye kwa nilivyojua hakuna aliyewahi kumkamua isipokuwa yeye.

Mikono ya mama ilijulikana. Kanisani, wageni walionywa kabla ya kusalimiana naye. Tulipokuwa wadogo alikuwa akikamua huku akitugombeza, na maziwa yaligonga ndoo kwa mdundo uleule wa maneno yake, hivi kwamba tulijua ukali wa kosa letu kwa kusikiliza ndoo.

Aliuona ule mpira jioni ya kwanza, tukiwa tumekaa nje akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza mara zote kumi.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nipate cheti, "hicho ni nini?"

Nikamweleza ni dawa ya mkono, nimepewa hospitalini.

"Mtu aliyetahiriwa hatembei na mpira," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Aliniomba nisiuminye barabarani, wala mbele ya mchungaji. Nikakubali. Kwa siku nne nilifanya zoezi langu nyuma ya ghala kama mvulana anayejifunza kuvuta sigara, na mkono ukaanza kurudi. Niliweza kushika kijiko. Niliweza kufunga vifungo vya shati, ingawa ilinichukua muda wa kusali sala fupi.

Siku ya tano mpira haukuwepo. Nilikuwa nimeuacha dirishani. Niliutafuta chini ya kitanda, shambani, hata kwenye kibanda cha mbwa, na mbwa akanitazama kama mtu anayesingiziwa. Mama alisema pengine umechukuliwa na panya. Nilimuuliza panya atafanyia nini mpira. Akajibu kwamba yeye si panya. Basi nikachukua soksi, nikaijaza mahindi, nikaifunga fundo, nikaendelea nayo. Iliumiza kiganja, na kuku walinifuata.

Siku hizo ndipo nilipoanza kuona mambo mengine. Kifuniko cha chupa ya chai kilikuwa hakikazwi, na chai ilifika mezani ikiwa vuguvugu. Mtungi wa maji ulikuwa umefungwa kwa karatasi ya nailoni badala ya kifuniko chake. Kila kitu kilichohitaji kufunguliwa, mama aliniletea nifungue, mimi mwenye mkono mbovu, akisema yeye ana unga mikononi. Siku moja alisema ana unga mikononi tukiwa tumetoka kanisani. Na kulikuwa na jambo la ng'ombe. Kila asubuhi nilipoamka nilikuta maziwa yameshakamuliwa, na jirani yetu, mama mmoja wa makamo anayeishi ng'ambo ya ua, alikuwa anaondoka langoni kwetu. Mama alisema amekuja kuomba chumvi. Jioni alikuja tena. Niliwaza kwamba katika nyumba ile wanakula chumvi nyingi mno.

Jumamosi ya pili jirani alisafiri kwenda Embu kumwona binti yake aliyejifungua. Alasiri nikasikia ng'ombe akilia. Alilia, akanyamaza, akalia tena, na si kilio cha njaa. Nilikwenda zizini.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya ng'ombe, ndoo tupu miguuni. Mafuta ya kukamulia alikuwa ameshayapaka. Mkononi alikuwa na mpira wangu. Alikuwa akiuminya na kuhesabu kwa sauti ya chini, kwa Kimeru, hadi tano, akiachilia, akianza upya, vilevile kama alivyoniona nikifanya. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Mpira haukubonyea. Ule uso ulibaki unacheka tu, macho mahali pake.

Nikamwambia, "Ni mara kumi. Halafu unapumzika."

"Nimeshafanya mara arobaini," akasema bila kugeuka.

Nilichuchumaa karibu naye. Nilimuuliza imekuwa hivyo tangu lini, akaniambia ni tangu mavuno ya mwaka uliopita. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, vidole vikikataa kukunjika mpaka jua lipande. Baadaye jua likapanda navyo vikaendelea kukataa. Jirani alikuwa akimkamulia ng'ombe tangu Januari, na ng'ombe alimkubali jirani kwa sharti kwamba mama asimame kando akiongea. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenipeleka hospitali," akasema. "Wangenipa mpira."

Ng'ombe alilia tena, akapiga teke hewani. Kiwele kilikuwa kimejaa kimekaza. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuitwa, kwa maana wa karibu wote walikuwa wamekwenda mazishini, na ng'ombe mwenyewe hakuwa wa kushikwa na kila mtu. Mama alisogea kwenye kigoda akanipa nafasi. Tangu nitahiriwe sikuwahi kukamua; si mwiko, ni uvivu tu uliopewa jina. Alinionyesha upya: bana juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha vidole vingine vifuate kimoja kimoja kushuka. Usivute. Anayevuta ni ndama.

Nilishika chuchu mbili za upande wangu, mkono mzima na mkono mgonjwa. Yeye akashika moja ya upande wake kwa mikono yote miwili. Mkono wangu wa kushoto ulitoa maziwa, wa kulia ukatoa matone. Yeye alitoa uzi mwembamba uliokatika katika. Hatukutazamana. Yeye aliongea na ng'ombe wakati wote, akimweleza habari za kijiji, nani kazaa, nani anazikwa, na ng'ombe alisimama akisikiliza. Mkono ulipochoka nilipumzika, alipochoka yeye niliendelea. Kuna wakati niliona machozi yanashuka kwenye shavu lake, naye akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, na hakuacha kuongea. Mimi pia macho yalikuwa yananiwasha, na nikalisingizia zizi.

Jua lilikuwa limeshuka karibu na miti tulipomaliza, kama ile kazi inaweza kuitwa kumaliza. Ndoo haikufika nusu. Mama aliitazama, akaniuliza kama najua kwamba zamani yeye peke yake aliijaza kabla chai haijachemka. Nikasema najua. Maziwa yale hatukuyapeleka popote. Tuliyachemsha yote tukanywa chai iliyokuwa nyeupe kama uji, vikombe vitatu kila mmoja, halafu akaniambia mkono wangu wa kulia una uvivu lakini unafundishika.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Alivaa nguo za kanisani. Daktari alitazama picha za mikono yake akamwambia ni baridi yabisi ya viungo, kwamba maumivu yanaweza kupunguzwa lakini mikono haitarudi ilivyokuwa. Mama alimsikiliza kwa heshima kama anavyomsikiliza mtu anayepotoshwa na elimu. Yule mtaalamu wa viungo aliishika mikono yake kwa muda mrefu bila kuandika chochote. Alimwambia aitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi, aminye taratibu, aache ikiuma, na asifanye mara arobaini za kitu chochote. Akampa mpira wake mwenyewe, wa kijani, usio na uso. Mama aliupenda huo zaidi. Alisema ule wa kwanza ulikuwa unamcheka.

Nilikaa Kianjai mpaka siku ya mwisho ya likizo, nikimkamua ng'ombe asubuhi na jioni, na jirani aliporudi kutoka Embu akawa anamaliza nilipoachia. Nilirudi darasani nikiwa na mkono unaoshika chaki, ingawa mwandiko si ule wa zamani. Herufi zangu siku hizi zinaegemea kulia kama watu wanaosikiliza mlangoni. Niliporudi kwa mtaalamu alinipa kidole chake tena, na safari hii alikitoa haraka. Aliniuliza nilifanya zoezi gani. Nilipomwambia, aliandika kitu kwenye kadi.

Mama hakukamua tena. Alijaribu miezi miwili, akaona, akaacha. Alinipigia simu akaniambia ng'ombe amehamia kwa jirani, watakuwa wanagawana maziwa, na nisije nikaleta maneno mengi. Sikuleta. Anauminya mpira wake akiwa popote, mbele ya mchungaji pia, hasa matangazo yakirefuka, na wanawake wawili wa chama cha kanisa wameniagiza niwatafutie kama huo. Anasema haumwongezei nguvu, ila unampunguzia hasira, kwa maana akishauminya huona hana tena haja ya kumjibu mtu.

Jirani naye alinipigia juzi. Aliniuliza kwa upole kama ninaweza kuongea na mama. Kila jioni, anasema, mama hufika zizini kabla yake, hukaa kwenye kigoda alichokibeba kutoka nyumbani, na kuanza kumsahihisha: bana juu, usivute. Nikamuuliza ng'ombe anaonaje. Akakiri kwamba mama asipokuja, maziwa hayashuki.