Safari Isiyo na Maiti

Sanduku la Émérance lilizijua njia za makaburi ya Ulaya nzima. Liège lilikwenda, Lille lilikwenda, na Köln lilikwenda mara mbili katika wiki moja. Kwa miaka thelathini na miwili aliyoishi Ubelgiji, mwanamke huyu wa Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa amesafiri kuliko rubani wa ndege, na kila safari ilimfikisha kwenye jeneza. Alipofiwa mtu, Émérance alikuwapo, sauti ya pili katika kwaya, kitenge cheusi kiunoni, machozi tayari. Msiba alioukosa ulikuwa mmoja tu, wa mama yake mwenyewe, na huo hakuuzungumza na mtu.

Sasa alikuwa amestaafu kazi ya usafi hospitalini Woluwe, na alitaka kitu kimoja kabla magoti hayajamkatalia kabisa: safari ambayo mwisho wake hakuna mtu wa kuzikwa. Tafadhali, moja tu!

Bahati ikamjia kutoka ghorofa ya pili. Huko alikaa Mademoiselle Lutgarde, Mflemi, yaani Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, wa miaka sabini na minane, zamani muuguzi wa misheni huko Kirungu, jirani na Moba, ambaye hakuolewa, na kwa hiyo Wakongo wote wa jengo lile la Evere, mtaa wa Bruxelles, walimwita Mademoiselle mpaka mvi zikamjaa. Alikuwa amepanga kwenda Collioure, mji mkongwe wa Wakatalani ulio pwani ya kusini mwa Ufaransa, pamoja na dada yake. Dada akavunjika mguu. Tikiti ikabaki.

"Utaenda na miye, Maman Émé," alisema Lutgarde kwa Kiswahili chake cha Kirungu. "Lakini sharti iko moja. Siku ine: hapana kilio, hapana kaburi, hapana simu ya matanga."

Émérance akaapa kwa Bikira Maria.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Maman Clementina, kiongozi wa kwaya. Jioni hiyohiyo kengele ya mlango ililia, na mlangoni walisimama wanawake saba wa kwaya na sufuria tatu za pondu, kisamvu cha Kikongo, nyuso zimeinama.

"Pole sana, maman," alisema Clementina akimkumbatia. "Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa. Naenda kupumuzika. Naenda kuona bahari."

"Bahari iko Ostende, saa moja tu na train," alisema Clementina kwa upole ule anaopewa mgonjwa. "Muntu hawezi kuenda mbali vile kama hakuna maiti. Usitufiche, maman. Tuko famille."

Émérance akaapa, akacheka, akakasirika. Wapi! Walikaa, wakaimba nyimbo nne, wakala pondu yao wenyewe, na kabla ya kuondoka wakamsaidia kufunga sanduku na mkoba. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Ndivyo walivyoamini wale akina mama, na wakafunga sanduku kwa imani hiyo.

Treni ilikula siku nzima. Collioure waliiona asubuhi iliyofuata, na Émérance akasimama barabarani mdomo wazi. Ngome ya mawe ya wafalme wa zamani ilikuwa imeingiza miguu majini. Nyumba zilipakwa rangi ya embe na ya pilipili, bendera za Wakatalani zenye mistari ya manjano na nyekundu zilining'inia madirishani, na kila njia ilikuwa na majina mawili, moja la Kifaransa na moja la Kikatalani.

"Kama Bruxelles!" alisema. "Hata huku wanagombanaka juu ya luga?"

"Kila mahali," alijibu Lutgarde, ambaye kama Mflemi alilijua jambo hilo tangu tumboni.

Karibu na bandari walipita duka ambamo wanawake wenye aproni walikaa mezani wakisafisha visamaki vya chumvi kwa vidole vyepesi. Émérance alisimama hapo muda mrefu, akimpa Lutgarde wasiwasi. "Ni kama ndakala," alisema mwishowe. Mama yake alianika ndakala, yaani dagaa, ufukweni Moba maisha yake yote, akiwageuza juani kwa vidole vilevile. Kisha akajilazimisha kuondoka, maana alikuwa likizoni.

Adhuhuri Lutgarde alikwenda kutafuta aiskrimu. Émérance akafungua mkoba wake atoe kitambaa kirefu cha njano alichokikunja tangu Evere, akikalie juu ya kokoto za pwani, na mkononi kikamjia kitenge cheusi. Clementina! Walikuwa wamebadilisha, wale wachawi wa kwaya! Akacheka peke yake mpaka mbwa wa mtu akamgeukia. Akakitandaza hichohicho, akakaa, akaitazama bahari kama tajiri.

Hapo ndipo kengele ilipoanza kulia. Kanisa la Collioure linasimama majini kabisa, na mnara wake uko hatua chache kutoka pale alipoketi. Kengele ililia moja, ikanyamaza, ikalia tena. Émérance hakuhitaji kutafsiriwa. Alijitahidi, na tumpe haki yake. Alitazama upande mwingine, alisali, alihesabu mashua. Lakini jeneza lilipopita nyuma ya mgongo wake, miguu ilisimama yenyewe, mikono ikakifunga kitenge kiunoni, na mazoea yana taabu: alijikuta kanisani, benchi la nyuma.

Aliyekufa alikuwa bibi wa miaka tisini na moja, aliyesafisha visamaki vya chumvi tangu usichana wake. Padri alisema hivyo kwa Kifaransa. Kisha watu wakaimba kwa Kikatalani, polepole, na hakuna aliyelia kwa sauti. Hili lilimuudhi Émérance. Mtu mzima anazikwa kimya namna hii, kama kifurushi cha posta? Akaingiza sauti ya pili, bila maneno. Akatoa chozi moja la heshima kwa mwenyeji. La pili likafuata, na la tatu halikuwa la heshima tena.

Habari za kifo cha mama yake zilimfikia kwa barua, miaka ile ya mwanzo ya ugenini, wiki tatu baada ya maziko. Hakuwa na karatasi za kuishi Ubelgiji, na angetoka asingeweza kurudi. Hakuwa na kwaya wala rafiki. Aliikunja barua, akashika ndoo, akaenda kupiga deki saluni ya nywele kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, kwa sababu ilikuwa Jumanne. Sasa alilia kwa sauti, kilio kamili cha Moba, na kanisa zima likageuka.

Nje, mjukuu wa marehemu, msichana aitwaye Anaïs, alimshika mikono, naye macho mekundu. Alimuuliza alimjulia wapi nyanya yake.

"Sikumjua," alisema Émérance kwa Kifaransa. "Mama yangu pia alikuwa mwanamke wa samaki."

Anaïs alikimbia nyumbani, akarudi na chupa ya samaki ambao bibi aliwatia chumvi kwa mkono wake.

Lutgarde aliwakuta hapo, aiskrimu mbili zikimtiririka viwikoni.

"Siku ine, Maman Émé! Hata moja haikuisha!"

Kisha akaziona nywele za mwenzake zilizovurugika, na uso uliolowa machozi. Akamlambisha aiskrimu.

Siku tatu zilizobaki walipumzika sawasawa. Waliporudi Evere, Émérance hajavua hata viatu, simu ikalia.

"Maman," ilikuwa sauti ya Clementina, "sasa sema ukweli. Nani alikufa?"

Émérance aliitazama ile chupa mezani.

"Mama yangu."

"Yesu! Lini?"

"Nonante-quatre. Mwaka wa tisini na ine."

Émérance alimsikia Clementina akivuta pumzi, halafu akimwita mtu jikoni atoe sufuria kubwa.

"Bon," alisema Clementina. "Usipike kitu. Tunakuja."