Siku Kizibo Kiliporuka

Mwaka ule sikuwa mtu wa kukaa kitako. Nikiwa darasani nawaza maabara, nikiwa maabara nawaza maji, nikifika nyumbani nakumbuka kufuli na kurudi kuliangalia. Jioni moja nilirudi mara nne, na mara zote nne kufuli lilikuwa limefungwa.

Nilikuwa mwalimu wa kemia, peke yangu, katika shule ya kata upande wa Bahi. Maabara yetu ilikuwa mpya. Ilikuwa na meza za zege, madirisha makubwa, na masinki sita yenye mabomba yanayong'aa, ila mabomba hayo hayakuwahi kutoa hata tone. Miwani ya kinga tulikuwa nayo jozi mbili, na moja ilikuwa imepasuka kioo. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa thelathini na sita.

Kwa hiyo nilijiwekea sheria. Kando ya mlango niliweka ndoo mbili kubwa zenye mifuniko, nikazijaza maji, nikayaita maji ya macho. Hayanywewi, hayanawiwi, hayaoshewi vyombo. Kila tulipoingia kwa vitendo niliwaambia maneno yaleyale: "Kitu kikikurukia jichoni, usisugue. Maji. Dakika ishirini bila kuacha, hata kama mwenyewe anapiga kelele."

"Ndiyo, madam," waliitikia, kwa sauti ya watu waliochoka kusikia.

Mwezi wa kumi huko maji yanakuja kwa mkokoteni wa punda. Majaruba ya mpunga yamekauka na kupasuka, upepo unapeperusha vumbi tangu saa nne asubuhi. Mkuu wa shule alikuwa akipita maabara anazitazama ndoo zangu kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani aliyenona.

"Mwalimu, maji yote haya yamekaa tu, na watoto wanakula makande hayajaiva?"

"Mkuu, siku yakihitajika hakutakuwa na muda wa kumsubiri punda."

Yeye alicheka, akaondoka. Mama mpishi hakuwa akicheka. Nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akiitikia, "Marahaba, mwanangu. Hayo maji yako yanamsubiri mgeni gani?"

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa na zoezi la kupima asidi kwa bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo, na nilihitaji maji ya kostiki, ile ya watengeneza sabuni. Kwa kawaida niliitayarisha jana yake, maana kostiki ikiyeyuka hutoa joto. Unaikoroga kwenye chombo kilicho wazi, unaiacha ipoe, ndipo unaitia chupani. Lakini jana yake niliitwa mjini Dodoma kwenye kikao cha walimu, nikarudi nimechoka. Asubuhi hiyo wanafunzi walikuwa wameshajipanga mlangoni, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia.

Nikawaruhusu waingie. Nikapima vipande vya kostiki, nikavitia moja kwa moja kwenye chupa, nikamimina maji, nikakandamiza kizibo cha mpira kwa kiganja na kuanza kutikisa. Chupa ilipata joto mikononi mwangu. Nililihisi lile joto. Nikasema moyoni, natikisa mara mbili tu.

Mbele yangu alikuwa amesimama msichana mmoja ameshika faneli, akingoja kujaza bureti. Ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote katika kupima. Alitoka kwenye familia ya wafugaji, na alitembea mwendo wa saa nzima kila asubuhi. Ile jozi nzima ya miwani nilikuwa nayo mimi, tena nimeipandisha juu ya mtandio.

Kizibo kiliruka. Kilitoa mlio mdogo tu, kama wa chupa ya soda. Kostiki ikamrukia msichana jichoni. Akapiga kelele, faneli ikaanguka, mikono yake ikaenda usoni.

Nikakimbilia ndoo. Nikafunua ya kwanza, tupu. Nikafunua ya pili, kata imelala chini pakavu.

Hapa ndipo ninapoona aibu kusimulia. Nilisimama. Mimi niliyehubiri mwaka mzima, nilisimama na mfuniko mkononi, sijui niende wapi.

"Mlazeni!" Ilikuwa sauti ya msichana mwingine, mmoja wa wale wanaokaa nyuma na kujibu kwa shida. "Mshikeni mikono asisugue! Leteni chupa zenu!"

Wanafunzi wetu wanatoka mbali na kila mmoja hubeba maji yake ya kunywa kwenye chupa ya soda. Mifuko ikafunguliwa. Chupa zikapita kutoka mkono hadi mkono, na yule wa nyuma akamimina ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, kutoka kona ya ndani ya jicho kwenda nje, kama nilivyowafundisha. Mwenzao mmoja mwenye saa akaanza kutaja dakika. Ndipo miguu yangu ikarudi. Nikapiga magoti sakafuni, nikamshika kope kwa vidole na kuzitenganisha.

"Madam, inachoma!"

"Najua. Usifumbe. Usifumbe, mama."

Maji mengine yalikuwa na rangi ya udongo. Chupa moja ilikuwa ya uji, tukairudisha. Dakika ya kumi na tatu chupa zikaisha, na yule mwenye saa akanitazama.

Mama mpishi akaingia na beseni kichwani. Alikuwa amesikia kelele jikoni. Asubuhi alikuwa amechota maji ya ndoo zangu kwa ruhusa ya mkuu, akitegemea mkokoteni ungefika kabla ya kipindi, na mkokoteni haukufika. Sasa aliyarudisha maji ya makande kabla hayajatiwa motoni. Alichuchumaa, akachota kwa kata na kumimina, machozi yakimtoka, mpaka sauti ikasema, "Ishirini." Nikamwambia aendelee.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, na kutoka hapo gari la wagonjwa likatupeleka hospitali mjini. Daktari wa macho alimpima kwa muda mrefu, kisha akauliza nani alimwosha. Nikasema wanafunzi wenzake. "Wasingemwosha palepale," akasema, "jicho hili lisingekuwepo."

Niliporudi shuleni jioni hiyo mkuu aliniita ofisini. Ripoti ilitakiwa wilayani.

"Andika kwamba mwanafunzi alisogea karibu kinyume cha maelekezo," akasema. "Si uongo, alikuwa karibu."

"Mimi ndiye niliyemwita, Mkuu."

"Mwalimu, nakutetea wewe. Una miaka mingapi kazini? Unataka ikatike hapa?"

Nikaandika. Nikatia saini. Usiku ule na kesho yake nilipika chakula nikakimwaga. Nilisahihisha madaftari nikaona nimeweka vema kwenye jibu la kosa. Mama yangu alinipigia simu kutoka Kondoa, nikamwambia sauti yangu imebadilika kwa sababu ya vumbi.

Jumamosi nikaenda hospitali. Msichana alikuwa ameketi kitandani, jicho moja limefunikwa bandeji. Baba yake alikuwa amesimama dirishani, fimbo mkononi, shuka begani. "Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, kwa heshima iliyonichoma. Nikamwitikia, nikampa pole. Kabla sijakaa, msichana akaniuliza kitu alichokuwa amekiwaza siku zote mbili.

"Madam, kwa nini maji ya chupa yalikuwa ya moto? Hakukuwa na jiko."

Nikamweleza kwamba kostiki ikiyeyuka hutoa joto, joto hutanua hewa iliyofungiwa ndani, na hewa ikitanuka hutafuta pa kutokea. Alisikiliza kwa lile jicho moja, makini kama darasani.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akageuza uso ukutani. Baba yake aliuliza kwa Kigogo tumesema nini. Nikamjibu mimi, kwa Kiswahili rahisi, polepole. Nikamwambia kosa ni langu. Nilikuwa na haraka, miwani nilikuwa nayo mimi, na kwenye karatasi nimeandika kosa ni la mtoto wake.

Mzee aliinamia fimbo yake. Nilitamani anitukane.

"Hiyo karatasi," akasema mwishoni, "iko wapi sasa?"

"Kwa mkuu wa shule."

"Basi kaichukue. Mimi jicho la mtoto nimwachie daktari. Lakini jina lake nalitaka lirudi safi."

Jumatatu niliingia ofisini kabla ya mstari wa asubuhi. Ripoti ilikuwa bado mezani. Nikaichukua, nikampa mkuu nyingine, niliyoiandika upya. Aliisoma mara mbili. Nikajua ananifukuza. Badala yake alichukua kalamu, akaongeza sentensi moja chini kwa mkono wake: maji ya dharura yalitolewa maabara kwa idhini ya mkuu wa shule. Akatia saini, akanirudishia bila kuniangalia.

Wote wawili tulipata barua ya onyo. Baadaye likaletwa tangi la plastiki, likafungwa nje ya maabara na bomba lake, na ufunguo wake akapewa mama mpishi. Yeye mwenyewe aliuomba.

Msichana alirudi wiki mbili kabla ya mtihani. Jicho linaona, ila limebaki na ukungu mdogo pembeni, na daktari alisema huenda usiondoke. Alikaa dawati la mbele. Aliniamkia kama wenzake, akajibu nilipomuuliza, basi. Sikumdai zaidi.

Siku ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa somo akishatayarisha vifaa haruhusiwi kubaki ndani. Nilikaa nje kwenye baraza la ofisi, nikainuka, nikatembea hadi tangi, nikajaribu bomba, nikarudi. Kioo kilivunjika ndani. Nilifika dirishani bila kujua nimefikaje. Msimamizi alinionyesha pipeti iliyovunjika na kunipungia mkono niondoke.

Walipotoka, msichana yule alikuwa wa mwisho. Alama ya mpira wa miwani ilikuwa imebaki kwenye mashavu yake.

"Vipimo vyangu vyote vitatu vimelingana, madam," akasema.

"Hongera, mama."

Wenzake wakamwita, akakimbia. Nikaingia ndani, nikafungua madirisha yote, nikaanza kukusanya bureti moja moja.