Mdomo wa Kiko Uliopiga Hodi

Ninyi mnaonicheka kila nikikataa kupokea kiko cha mtu kabla ya kuuliza mwenye kiko yuko wapi na ameamkaje, nawasikia, endeleeni tu, lakini leo nitawaambia kilichonifikisha hapa, na nitasema yote, hata ile sehemu ambayo mke wangu hunikanyaga mguu nikiikaribia mbele ya wageni, kwa sababu anasema aibu yangu imeshakuwa yake pia na hakuitaka.

Miaka ile ya sitini, uhuru ungali mbichi, nilikuwa na kibanda Malaba, mkabala na stesheni ya gari moshi, nikitengeneza viko. Si viko vizima, la. Kichwa cha kiko hakifi upesi, mtu anaweza kukivuta hata ujana umwishe. Kinachokufa ni mdomo, ile sehemu inayoingia kinywani, maana watu huutafuna wakiwa na mawazo. Mimi nilikuwa nikichonga midomo ya pembe ya ng'ombe: unaichemsha pembe mpaka ilegee, unaipinda au kuinyoosha, unaitoboa kwa spoki ya baiskeli iliyotiwa motoni, kisha unaubana mwisho wake uwe bapa na kuuachia ukingo mdogo wa kushikia meno. Madereva wa malori na matanboi, wasaidizi wao, walitaka mdomo ulionyooka kwa sababu unakaa vizuri mfukoni, makarani walitaka uliopinda kama shingo ya bata ili wavute huku wanaandika, na wazee ambao ulimi umechoka niliwatobolea tundu linalotazama juu, moshi ugonge kaakaa. Nilijivuna, sifichi. Nilikuwa namtazama mtu kinywani kabla ya kumtazama usoni.

Basi kulikuwa na mteja mmoja, mzee wa Kiteso kutoka upande wa Angurai, ambaye jina lake sikuwahi kuuliza. Soko lote lilimwita Mzee Hodi na mimi nikamwita hivyo hivyo. Huyu nilimchongea mdomo wa aina yake peke yake, wenye matundu mawili yaliyokaa sambamba kama pua, moshi ugawanyike usimwunguze ulimi mahali pamoja. Ile pembe ikapata ufa mdogo katikati ya matundu, na kuanzia siku hiyo, akipuliza kutoa majivu, kiko kililia sauti mbili, ya chini halafu ya juu, fuu-fii. Nikamwambia nitauziba. Akakataa. Aliipenda sauti ile mpaka akaacha kabisa kusema hodi. Alikuwa anasimama nje ya nyumba ya mtu, anapuliza mara moja, anangoja. Hata mimi nikiisikia nilikuwa nasukuma kigoda nje bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi.

Siku moja akaja akanichomolea ule mdomo. "Fundi," akasema, "hii inanikata lip. Lainisha hapa pembeni. Lakini sauti yangu usiguse." Kichwa cha kiko akakitia mfukoni mwa koti, akaniambia atarudi siku ya soko.

Hakurudi. Soko likapita, likapita la pili, na la tatu mwuzaji nyanya mmoja akaniambia yule mzee alishazikwa. Nikasikitika kweli, nikaufunga ule mdomo katika karatasi, nikauweka kwenye droo, nikajiambia nitawapelekea watu wake Angurai. Nilikuwa na baiskeli, na Angurai si mbali. Lakini kwanza kukawa na mvua, halafu mnyororo ukakatika, halafu hakukuwa na sababu yoyote ila uvivu, na miezi ikaenda.

Sasa ingia Amoit. Amoit alikuwa akishona nguo kwenye veranda ya duka la jirani yangu, na mimi nilikuwa nimempenda kiasi cha kuchana suruali zangu makusudi ili nipate cha kumpelekea. Baba yake, mzee Omuse, alikuwa mstaafu wa reli, mtu mkavu, na hakutaka kusikia habari za mkwe Msamia kutoka Nangina ambaye kazi yake ni kuchokoa vinywa vya watu. Baada ya maneno mengi akalegeza kidogo, akamtuma Amoit kwangu na kiko chake kilichotafunwa mdomo mpaka ukawa kama mswaki wa mti.

"Baba amesema ukuje Jumamosi na mtu wako," Amoit akaniambia. "Na hii kiko uje nayo ikivuta vizuri. Ikikataa kuvuta, amesema usipige hodi kwake tena."

Jamani, mnielewe. Mke wangu mtarajiwa alikuwa amening'inia kwenye kipande cha pembe.

Nilikuwa na pembe moja nzuri niliyoipata kwa mchinjaji wa Bumala, imekauka mwaka mzima. Ijumaa nikaichemsha, nikaipinda, nikaweka spoki motoni, na wakati spoki inapata moto mimi nikasimama mbele ya kipande cha kioo nikijaribu tai ya baba yangu mdogo Makokha. (Tai nyekundu. Sikujua kuifunga. Nilifunga kama mtu anayefunga ndama.) Niliporudi spoki ilikuwa nyekundu kuliko tai, na badala ya kuingoja ipoe nikaisukuma hivyo hivyo, pembe ikalia ta, ikapasuka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pembe nyingine kavu sikuwa nayo. Na pembe mbichi huivuti, inanuka bucha.

Hapo ndipo mkono ulipofungua droo kabla sijaupa ruhusa. Nikaufungua ule mdomo wa Mzee Hodi. Ulitoshea kwenye kiko cha mzee Omuse kana kwamba ulipimwa pale. Nikajiuliza, nani atajua? Mwenyewe hayupo. Kulikuwa na alama mbili tu za kumsaliti mtu, vishimo viwili vidogo ambapo meno yake ya juu yalikuwa yakikaa, basi nikachukua msasa nikazisugua. Sasa pembe ukiisugua hupata joto, fundi yeyote atakwambia. Ile nilisugua mpaka bega likauma na ilibaki baridi kama jiwe la mtoni, na kutoka ndani ikaanza kutoa harufu ya tumbaku yake, mbichi, kana kwamba amevuta asubuhi ile. Nikaona ni uchovu. Nikaziba ufa kwa nta ya nyuki, nikapuliza. Kimya. Nikalala nikiwa mtu mwenye furaha.

Jumamosi tukapanda baiskeli mimi na baba mdogo, tukafika kwa mzee Omuse, upande wa Angurai, jua likiwa katikati. Boma lilikuwa limefagiliwa vizuri, lakini lilikuwa kimya mno kwa boma linalongoja wageni. Kuku hawakuwa wakichakura karibu na nyumba ya upande wa pili, na mbele ya mlango wa nyumba hiyo palikuwa na kigoda kimoja kimewekwa kikitazama njia, kisafi, hakuna aliyekikalia. Kando kulikuwa na kaburi, nyasi zimeanza kuota.

Tukakaribishwa, tukaketi na wazee wengine watano wa ukoo. Mzee Omuse akakipokea kiko, akakigeuzageuza, akapitisha ulimi kwenye ukingo wa meno. "Umefanya kazi," akasema. Mimi nikajiona nimeshafika. Nikamtupia Amoit jicho pale mlangoni mwa jikoni, naye akaficha kicheko katika kanga.

Baba mdogo, ambaye hajui kuacha kitu kilale, akauliza kile kigoda ni cha nani.

"Ni cha kaka yangu," mzee Omuse akasema, huku akishindilia tumbaku. "Huyo unaona amelala hapo. Sisi kwa ukoo wetu, mzee anazikwa na mdomo ya kiko yake. Tulitafuta kila mahali. Kiko tulipata kwa koti, mdomo hakuna. Tukamzika hivyo. Sasa bibi yake anasema kila siku anamsikia nje, amesimama tu. Haingii. Hana kitu ya kupiga hodi." Akawasha kiberiti. "Mama mzee anateseka. Kila asubuhi anaweka kiti."

Nilijua papo hapo. Na nikajua jambo lingine ambalo ni fundi tu angelijua: kwamba nta ya nyuki haivumilii moto, na kwamba kiko kikishavutwa dakika chache, pembe hupata joto.

Ningepaswa kusema wakati ule. Mngenisikia sasa nikisimulia habari nyingine. Badala yake nikasema, "Mzee, naona tumbaku hiyo ina unyevu, tuianike kwanza." Mzee Omuse akanitazama. Akavuta. Nikasema, "Mzee, kiko kipya hakivutwi mbele ya jua kali, kinachacha." Baba mdogo akanikanyaga. Mzee akavuta tena, kwa nguvu, na pembeni mwa kinywa chake nikaona tone la njano likiteremka taratibu kuelekea kidevuni.

"Hii imeziba," akasema. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha mdomoni, akajaza mashavu, akapuliza.

Fuu-fii.

Hakuna mzee aliyetikisika. Halafu kutoka kwenye nyumba ya upande wa pili ikaja sauti ya mama mzee, tulivu kabisa, sauti ya mtu ambaye yuko na kazi mkononi:

"Karibu. Ingia, mzee. Umekawia."

Akatoka akikunjua kitambaa, akakipangusa kile kigoda, akakisogeza kidogo upande wa kivuli. Kisha akainua macho njiani, na njiani hapakuwa na mtu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Nimeona watu wakilia misibani, lakini sijaona uso kama ule ulivyokuwa ukimtafuta mtu mchana kweupe.

Na mimi, badala ya kupiga magoti, nikasema, "Ni upepo." Njia ya mwongo ni fupi, yangu haikumaliza hata pumzi moja. Mzee Omuse aliuchomoa ule mdomo, akaona ule ufa katikati ya matundu mawili, akanitazama, nta bado ikimning'inia kidevuni.

"Wewe kijana," akasema polepole, "hii umetoa wapi?"

Nikaeleza yote. Nilieleza nikiwa nimepiga magoti vumbini na tai ya watu shingoni, mbele ya wazee, mbele ya baba mdogo aliyefunika uso kwa kofia, mbele ya Amoit. Mama mzee alikuja, akanyoosha mkono, akapewa. Hakunitukana. Alipitisha kidole gumba juu ya ile pembe, akakirudisha, akapitisha tena, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Meno yake yalikuwa hapa," akasema. "Umetoa meno yake."

Kuna maneno ambayo mtu huyameza na yasishuke. Hayo bado yako hapa kooni.

Wazee wakanong'onezana. Wakaamua kwamba aliyemzuia mtu mlangoni ndiye atakayemwingiza. Nikaambiwa nitoke mpaka njiani, nisimame pale alipokuwa akisimama marehemu, nipige hodi kwa niaba yake, kisha mdomo ule uzikwe pale kichwani pake. Nikatoka. Boma zima likatoka kutazama, na watoto wakapanda juu ya ukuta wa mawe. Nikauweka ule mdomo kinywani (mtupu, bila kiko, unaweza kufikiria nilivyoonekana), nikapuliza. Hakuna. Nta ilikuwa imeganda tena. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba, mashavu yakatutumka, mtoto mmoja akacheka akapigwa kofi. Mama mzee alikuwa amesimama kando ya kigoda, anangoja. Nikauchomoa nikaupangusa kwenye tai ili nijaribu mara ya tatu.

Ulikuwa kwenye mkono wangu. Nimeushika hivi, mbali na uso, kama mtu anayeshika funguo. Na ukalia. Sauti ya chini, halafu ya juu.

Nimeifikiria sana kama fundi. Nta inaweza kujitoa yenyewe, upepo unaweza kupita kwenye matundu. Sikatai. Lakini siku ile majani ya migomba hayakutikisika hata moja, na ile pembe iliyokuwa baridi tangu Ijumaa ilikuwa imepata joto kiganjani mwangu, joto la kitu kilichotoka kinywani mwa mtu.

"Karibu," mama mzee akasema. Safari hii hakutazama njiani. Alitazama kigoda, akatabasamu kidogo, akaingia ndani akakiacha mlango wazi.

Tuliuzika ule mdomo kabla ya kula, na chakula sikukiona ladha. Wakati wa kuaga mzee Omuse alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli, kitu ambacho sikutarajia. "Binti yangu utampata," akasema, "siku utaniletea mdomo ambayo mwenyewe ni mimi." Nikachonga. Nilingoja pembe ikauke mwaka mzima mwingine, na spoki niliiketia mbele ya moto kama mgonjwa wa kulindwa. Amoit aliningoja, ingawa suruali zangu alikuwa hazishoni tena bila kuuliza nani amezichana.

Mzee Omuse aliuvuta mdomo ule miaka mingi na alipofariki mimi ndiye niliyeitwa kuuandaa. Mmoja wa vijana wa ukoo akaniletea msasa, akasema, "Fundi, lainisha kidogo, umechakaa sana, upendeze." Nikaurudisha msasa. Nikapitisha kidole gumba juu ya pembe nikayakuta meno yake, yote manne, mahali pake, nikaufunga hivyo hivyo nikampelekea mama mkwe siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama, na pale mlangoni nikasema hodi kwa kinywa changu mwenyewe.