Kidole cha Fundi

Fundi wa pikipiki hatulii, utadhani amekalia siafu. Hutikisa nati ndani ya tangi hadi kutu ibanduke, humwaga gundi ya kuziba, huligeuzageuza mpaka gundi ienee kila kona, hayo anayaweza. Kungoja ikauke ndiko kunakomshinda. Huinuka, huketi, kisha kidole kinazama mdomoni mwa tangi kuhakikisha, na kikitoka kimebandua gundi, kimeiachia kutu upenyo.

"Baba watoto, kidole hicho!" mkewe hufoka.

Tangi la leo ni la mdogo wake. Mara ya kwanza lilipozibwa, lilivuja palepale fundi alipogusa, petroli ikawaka, ikamuunguza mdogo mtu paja akiwa njiani. Leo kidole kilipoinuka tena, mdogo mtu akachechemea, akakidaka.

"Tulia, kaka. Pikipiki hii nitaipanda mimi."

Akaketi kando yake, akakifumbata kiganjani mpaka gundi ikakauka.