Mambo ya Wazee

Mapapai matamu kuliko yote kijijini kwetu Munje yalitoka kwa Mwanatumu. Mpapai wake ulizaa hata mwaka wa ukame, na sisi majirani tulikula bila kuuliza ulikuwa unakula nini.

Mwanatumu alikuwa mwanamke wa haya. Hakuwahi kutaja choo kwa jina lake; alisema "kule nyuma." Muuguzi alipomuuliza kama mumewe anapata choo vizuri, alijibu, "Twamshukuru Mungu," na muuguzi akaandika alivyotaka. Haya ni pambo, twaambiwa. Mimi nasema pambo nalo lina mahali pake.

Mumewe, Boga, alikatwa mguu kwa kisukari. Kila akienda kliniki Msambweni, wanaume walimbeba kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani, kwa kuwa mchanga wa pale ulinasa gari. Siku moja walimwangusha. Aliinuliwa na mchanga mdomoni, akamwambia mkewe kwamba safari nyingine atatoka akiwa maiti. Mwanatumu akaapa kwamba gari litafika mlangoni.

Mafundi wa kabro, yale matofali ya kutandika njia ya gari, ni wengi, na waongo ni wengi zaidi. Jaafar, jirani yetu, alitandikiwa kabro juu ya mchanga mtupu. Mvua ya kwanza tu zikaanza kucheza kama meno ya mzee. Kwa hiyo Mwanatumu aliuliza huku na huku mpaka akampata Swabir wa Bongwe, mcha Mungu, ambaye hata saruji ikibaki huirudisha kwa mwenyewe.

Swabir alianza kazi Boga akiwa bado amelazwa Msambweni tangu siku ile, kwa ajili ya kidonda. Alikata mpapai uliosimama njiani, kisha akagonga ardhi kwa mtaimbo. Ardhi ikaitika vibaya.

"Shikamoo mama. Hapa chini pana nini? Nasikia patupu."

Palikuwa na choo cha shimo cha baba mkwe wa Mwanatumu, kilichofunikwa zamani kwa boriti na udongo. Vibarua walikuwa wamesimama wakisikiliza. Mwanatumu akavuta leso mdomoni.

"Marahaba, fundi. Pana mambo ya wazee. Tafadhali, yasifukuliwe."

Swabir akashusha sauti. "Basi hatufukui, mama. Wallahi hatugusi."

Mwanatumu alifurahi kupata fundi mwenye adabu, anayeelewa bila kutajiwa. Siku zile alifagia ua akiimba.

Kazi ilipokwisha, njia iling'aa kutoka barabarani hadi barazani. Swabir alikuja kuaga.

"Wale wazee nimewasomea Fatiha," alisema. "Na kwa heshima yao sikupitisha mashine ya kushindilia. Pale nimetandaza mchanga kwa mkono tu."

Ndipo Mwanatumu akaelewa. Fundi alikuwa amedhani ni makaburi! Hapo hapo angesema. Lakini vibarua walikuwa pale wananawa miguu, na Jaafar alikuwa amekuja kuitazama kazi. Mficha uchi hazai, na yeye alijua. Akasema, "Mungu akulipe heri, mwanangu," na Swabir akaenda zake.

Alijiambia atampigia simu. Kila alipoishika simu, alifikiria neno lenyewe na kuirudisha. Mvua ikanyesha. Mahali pale pakabonyea kidogo, maji yakasimama, kisha yakanywewa ghafla yote kwa sauti ya koo. Aliogopa hata kupapita. Akaweka ndoo pale, na habari zikaja kwamba Boga ameruhusiwa.

Gari lilikuja kinyumenyume, Boga amekaa nyuma akicheka kwa mara ya kwanza tangu akatwe mguu. Dereva, mtu wa bara anayeendesha teksi Ukunda, aliiona ndoo. Alishuka kwa upole, akaisogeza kando, akarudi kwenye usukani.

Mwanatumu alitoka mbio, leso ikamdondoka. Angesema shimo. Angesema simama. Lakini neno lililomkaa kooni siku zote zile ndilo lililotoka, mbele ya wanaume wote waliokuja kumpokea mgonjwa.

"Choo!" alipiga kelele. "Choo! Choo!"

Watu wakainamisha macho kwa aibu. Dereva akatoa mkono dirishani, akampungia.

"Sawa mathe, nikishusha mzee nitaingia," alisema, akarudisha gari nyuma.

Kabro zikaachana, na upande aliokaa Boga ukazama.